Sponsa wa mtoto anakuja nyumbani kwenu? Mwongozo kwa wazazi na kwa wanaotafsiri

Hii naiandikia wazazi na walezi wenye watoto kwenye vituo vya makanisa huku Tanzania, wale ambao siku moja wanapigiwa simu na mwalimu wa kituo anawaambia mama fulani, sponsa wa mtoto (yule mfadhili anayemchangia hela kila mwezi) anakuja mwezi ujao. Na naandika pia kwa vijana wa kanisani wanaojua kiingereza ambao ndo husukumwa mbele wakatafsiri bila kuambiwa kazi yenyewe ikoje. Mimi hiyo nafasi ya mkalimani nimeikalia sana na kuna jambo moja ninalolisimamia: nyumba ni ya mama. Siyo ya kituo, siyo ya mchungaji, siyo ya mgeni. Ziara zinazoenda vizuri ni zile mama (au baba, au bibi, yeyote anayelea) amekaa kama mwenyeji, anakaribisha, anauliza na yeye maswali, anaaga. Zinazoharibika ni zile anakaa pembeni kwenye nyumba yake mwenyewe anasubiri kuulizwa. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinaelekea hukohuko.

1. Jua anayekuja ni nani na hela yake inapita wapi

Watu wengi tunasema "kompasheni" kwa kila kituo hata kama ni shirika lingine kabisa, kwa hiyo anza kwa kuuliza. Compassion International ilianza 1952, mchungaji wa Marekani anaitwa Everett Swanson alienda Korea kuwahubiria wanajeshi wakati wa vita akakuta yatima wamejaa mitaani Seoul, akarudi kwao akaanza kuwatafutia watu wa kuwachangia, mtoto mmoja mfadhili mmoja. Kenya na Uganda walifika 1980, kwetu 1999, na kazi yao yote inapitia kanisa la mahali, ndo maana kituo kiko kwenye kiwanja cha kanisa na namba ya mtoto wako inaanza na TZ. World Vision, shirika la mhubiri wa Marekani Bob Pierce, lilianza 1950 na ufadhili wa watoto wakauanza 1953 na yatima haohao wa Korea, ila mfumo wao ni tofauti, hela ya wafadhili inakusanywa inafanya kazi za eneo zima, maji, madarasa, vikundi vya kuweka akiba. Mgeni wa World Vision usishangae akianzia kisimani kabla hajafika kwako.

Halafu tuache kusema "mzungu anakuja" kabla hatujauliza. Compassion walifunga kazi Korea 1993 kwa sababu nchi ilishasimama, na 2003 Korea ikaingia upande wa pili, upande wa wafadhili. Mgeni wako anaweza kuwa Mkorea, Mjerumani, Mwaustralia. Mkorea akikupa kitu anakupa kwa mikono miwili na anainamisha kichwa, kwa hiyo mtoto wako aliyefundishwa kupokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo atajikuta yuko nyumbani kabisa. Kuna na ndugu zetu walioko nje wanaofadhili mtoto huku, wakija mkalimani hana kazi, ila hao nao wana ugumu wao, wanajua kiswahili kwa hiyo wanauliza moja kwa moja mbona hamjapaua. Wavumilieni.

Suala la hela lazima lieleweke mapema maana ndo linaloleta maneno mtaani. Mfadhili wa Marekani anatoa kama dola 40 hivi kwa mwezi na kidogo juu, jirani anapiga hesabu anapata laki na ushee anasema mama huyu anakula laki kila mwezi. Hapana. Inapitia shirika, inafika kituoni, inageuka madaftari, sare, uji, matibabu, mafundisho ya Jumamosi, mishahara ya walimu wa kituo. Kama inasaidia kweli? Kuna watafiti, Bruce Wydick na wenzake, walifuatilia watu wazima zaidi ya elfu kumi kwenye nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, wakachapisha 2013: waliofadhiliwa utotoni walisoma mwaka mmoja na zaidi kuliko wasiofadhiliwa, na kumaliza sekondari kuliongezeka kwa pointi 12 hadi 18 kwenye asilimia. Siyo muujiza, lakini siyo hewa. Nalisema hili kwa sababu wazazi wengine wanampokea mgeni kana kwamba amekuja kukagua kama hela yake imeliwa, na mwingine anampokea kana kwamba ndiye aliyemuumba mtoto. Mtoto ni wako, wewe ndo unaamka naye usiku akiwa na homa.

2. Ukipigiwa simu, uliza

Ziara hizi hazitokei ghafla. Mgeni anaomba miezi kabla, anakaguliwa rekodi yake ya makosa, anasaini sheria za kumlinda mtoto, anapangiwa mfanyakazi wa kuongozana naye muda wote. Kwa hiyo wewe pia una muda. Uliza wanakuja wangapi (mara nyingine unaambiwa mgeni mmoja anashuka na gari zima la watu wenye kamera), wanafika saa ngapi, wanakaa muda gani, watakula kituoni au kwako, nani atatafsiri, kuna picha au hakuna.

Na hili wengi hawaambiwi: unaruhusiwa kusema nyumbani hapana, tukutane kituoni. Kama una mgonjwa ndani, kama mna msiba, kama tu hutaki watu waone unapolala, sema kwa mwalimu wa kituo taratibu na mapema. Haimtoi mtoto kwenye programu. Akikuambia itamtoa, nenda kwa mchungaji au kamati ya kituo.

3. Nyumba: fagia tu, ishia hapo

Nimeona pande zote mbili za huu ugonjwa. Kuna mama aliazima makochi kwa jirani, kapeti, mpaka pazia, akapanga kama anapokea washenga, mgeni akaingia akakaa kwa raha zake na baada ya nusu saa jirani akagonga anataka makochi yake maana na yeye ana ugeni. Na kuna kituo kingine, hii inaniuma zaidi, waliambia familia itoe redio na sola isionekane. Sasa mtoto ana miaka 9 anaona watu wazima wa kanisani wanamwambia mama yake ajifanye maskini kuliko alivyo, unadhani anajifunza nini? Acheni vitu vilipo. Kama una tivii ya inchi ndogo uliyoipata kwa kuuza maharage mwambie mgeni umeipata kwa kuuza maharage, huyo mtu anatoa hela yake ili mambo yenu yasogee, akiona yamesogea anafurahi.

Nguo vaa ile unayoendea kanisani. Usikope kwenye kikoba kwa ajili ya ugeni, nasema tena usikope, mgeni anaondoka saa nane mchana na rejesho linakuja Jumatano.

Kitu ambacho kweli nakishauri ukitazame ni choo. Mgeni ametoka mbali kwa gari, atauliza. Choo cha shimo hakina shida, kiwe kimefagiwa, kuna maji kwenye ndoo na kopo, sabuni, na mlango au gunia linalofunga. Mkalimani wewe pitia mapema umwambie mgeni kabla hajaingia kwamba ni cha kuchuchumaa asije akatoka na aibu.

Viti: tafuta angalau stuli mbili tatu, lakini mkeka unatosha. Wewe mama usikae chini wakati mgeni yuko juu ya kiti peke yake. Ama wote kwenye mkeka ama wote kwenye viti. Hili dogo linabadilisha kila kitu na mkalimani ndo anatakiwa kulisukuma, vuta stuli, mwambie "mama kaa hapa".

4. Soda

Kwa kawaida chakula kinapikwa kituoni, nyumbani ni saa moja au chini ya hapo. Lakini hakuna mama wa kwetu atakayekubali mgeni aondoke kinywa kikavu, atatuma mtoto dukani akalete soda mbili, pengine kwa mkopo. Sasa tazama kinachotokea: soda inaletwa kwenye sinia, imefutwa vumbi, kuna na glasi iliyogeuzwa, mama anapiga goti anaiweka, na mgeni ambaye huko kwao ameambiwa usile usinywe chochote nje ya hoteli anasema asante halafu anaiacha pale. Dakika ishirini. Watoto watatu wanaitazama ile soda. Mama anaitazama. Hakuna anayesikiliza mazungumzo tena.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetafsiri, kwenye gari kabla hamjashuka mwambie: utapewa soda, chupa imefungwa kiwandani, itafunguliwa mbele yako, kunywa hata nusu. Ikiletwa chai iliyochemka na muhogo wa kuchemsha, vile vya moto havina shida. Maji ya mtungini au juisi iliyochanganywa na maji mabichi, hapo mwambie aseme tumbo lake bado halijazoea, mama ataelewa, tumbo kila mtu analo. Na wewe mama ukitaka kurahisisha, ndizi mbivu, karanga za kukaanga, yai la kuchemsha lenye ganda lake, hivo hakuna mgeni anavikataa.

5. Majirani na mtaa

Waambie mapema. Mpe taarifa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, siyo kuomba kibali, ni heshima tu na pia gari likisimama pale asijiulize ni la nani. Watoto wa mtaa watajaa, watapiga kelele, mpe kijana mmoja mkubwa kazi ya kuwachezesha mpira nje.

Maneno yatakuwepo. Wengine watasema mmelamba dume, wengine wale wa siku zote watasema mtoto ameuzwa, picha zinapelekwa kwa frimasoni. Dawa ya hayo ni uwazi, mwite jirani mmoja mnayeaminiana na yeye akae kwenye mkeka asikie mwenyewe kinachozungumzwa. Akitoka pale ndo atakuwa msemaji wako mtaani na hutahitaji kujitetea.

Hapohapo fikiria wadogo na wakubwa wa mtoto ambao hawafadhiliwi, maana vituo vingi havichukui watoto wote wa nyumba moja. Mgeni anashuka na begi la zawadi za mmoja, wengine wanne wanakodoa. Mkalimani mwambie mgeni kabla ya safari, au mwalimu wa kituo aandike kwenye taarifa kuna watoto wangapi nyumbani, alete kitu cha kugawana. Mpira mmoja wa nyumba nzima ni bora kuliko mdoli mmoja wa mtu mmoja.

6. Kwako unayetafsiri

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibikia.

Fika kwa mama siku moja kabla bila mgeni. Kaa, salimia, muulize anapenda mazungumzo yaende vipi, kuna jambo gani hataki liguswe. Atakuambia. Labda baba wa mtoto ameondoka na mtoto anajua yuko safari. Labda kuna mtu nyumbani anatumia dawa. Hali ya afya ya mtu ni siri yake, na kwa VVU sheria ya 2008 inalinda kabisa hiyo siri, kwa hiyo hata mgeni akiuliza kwa upole na machozi hutafsiri hilo swali mbele ya watoto. Unamwambia mgeni kwa kiingereza, hilo tuliache, halafu unamwambia mama kwa kiswahili ameuliza nini na wewe umemjibu nini. Yule mama asibaki hajui kilichosemwa juu yake.

Kaa katikati na nyuma kidogo ya wote wawili, siyo mbele. Mgeni akiongea na wewe badala ya mama, wewe mwangalie mama mpaka na yeye ageuke. Tafsiri kwa nafsi ileile, mama akisema "mimi nauza mboga" usiseme anasema anauza mboga. Usifupishe. Mama ameongea dakika tatu, ameeleza jinsi mvua ilivyokata na mahindi yakakauka yakiwa yanatoa mbelewele halafu mume akaenda kutafuta vibarua mjini, wewe unageuka unasema maisha magumu, umemnyang'anya maneno yake. Na usiongeze chumvi. Kuna wakalimani wanajua machozi yanaleta hela, mama kasema "tunakula mara mbili" yeye anatafsiri hawajala tangu jana. Huo ni uongo na siku mgeni akija na mtu anayejua kiswahili utaaibika wewe na kituo.

Mgeni akiuliza maswali manne mfululizo simamisha, mwambie mama "na wewe muulize". Wengi wanashtuka kwanza, halafu wanauliza vitu vizuri sana: una watoto wangapi, mama yako yupo, kwenu mnalima nini, theluji ikidondoka mnaendaje kazini, nani kakuachia likizo. Niliwahi kumsikia bibi mmoja akimuuliza mgeni mwanamume wa makamo anaishi na nani, akajibu peke yake, bibi akamhurumia kwa dhati kabisa, akasema huyu ndo tumuombee. Kuanzia pale ziara ikawa ya watu wawili.

Usiombe chochote kwa niaba yako. Namba ya simu, ada ya chuo, laptopu, hapana. Hata mgeni akikupenda.

7. Mtoto

Mtoto atanyamaza. Mjiandae nalo. Wiki nzima ametamba shuleni kwamba sponsa wake anakuja, gari likifika anajificha nyuma ya kanga ya mama, anaangalia chini, akiulizwa anajibu kwa kutikisa kichwa. Mgeni aliyesafiri masaa ishirini anaanza kufikiri mtoto hana furaha au hampendi. Mkalimani mweleze kwamba kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mzima, na kwamba saa ya kwanza ni ya kuzoeana tu. Msimlazimishe kukumbatia. Msimwambie "kaa mapajani kwa baba yako", huyo siyo baba yake.

Maneno yakishindikana mpeni mchezo. Mdako ndo mzuri kuliko yote, mnachimba kashimo, mnaweka vijiwe, mmoja anarusha kijiwe juu, kabla hakijashuka anatoa vingine shimoni kwa vidole na kukidaka. Mgeni atashindwa mara zote na mtoto atacheka, na akicheka mara moja basi, ulimi umefunguka. Kuruka kamba pia, rede, mpira. Kingine ni barua. Kama mtoto amezitunza, iwe kwenye mfuko wa rambo au kopo la biskuti, mwambie azilete. Wageni wengi hawaamini kama barua zao zilifika. Kuziona pale zimekunjwa mpaka zimechakaa kwenye mikunjo kunawagusa kuliko wimbo wa kwaya.

Mabinti na vijana wa sekondari ni habari nyingine, wao wanaona aibu nyumba yao, wanaona aibu wazazi wao, wanaona aibu kiingereza chao. Waachie watembee na mgeni na mwalimu wa kituo waonyeshe shule au shamba. Kila wakati mtu mzima wa kituo awepo, mgeni na mtoto hawabaki wawili peke yao, hata dakika tano, hata kama mgeni ni mchungaji maarufu.

8. Dini, tuzungumze wazi

Mashirika haya ni ya kikristo na hayafichi, lakini watoto wanachukuliwa wa dini yoyote, na kwenye mikoa kama Tanga na Tabora familia nyingi ni za kiislamu. Mwalimu wa kituo amwambie mgeni kabla. Mgeni asije akaingia na Biblia ya zawadi kwenye nyumba ambayo babu amekaa barazani na kofia yake na msala umetandikwa. Kama ninyi ni waislamu, hamna haja ya kujificha wala ya kujifanya. Mkaribishe kwa salamu zenu. Akiuliza aombe nini, mwambieni la kweli, mvua, mguu wa bibi, mtihani wa darasa la saba. Akitaka kuomba, mnaweza kumruhusu au mkamwambia mtaomba kila mtu kwa njia yake, yote ni adabu. Ila swali la "utampokea Yesu leo" likitoka pale mkekani na hela ya shule ya mtoto iko katikati, mimi silitafsiri. Mtu anayetegemea hawezi kujibu hapana kwa uhuru, na jibu la namna hiyo halimfai hata Mungu mwenyewe.

Kwa familia za kikristo, msiache maombi yote yawe ya mgeni kuwaombea ninyi. Mama omba wewe. Muombee safari, mume wake, kazi yake. Kwa sauti na kwa kiswahili, mkalimani atafuata nyuma kama ataweza.

9. Zawadi, za kwenda na za kurudi

Hela mkononi hapana. Siyo roho mbaya ya shirika, ni kwamba noti zikitoka mbele ya watu jioni hiyohiyo wadai wamejaa mlangoni. Mgeni akitaka kusaidia zaidi anatoa kupitia ofisini, inaitwa zawadi ya familia, inafika kituoni, mnaenda sokoni na mwalimu wa kituo mnanunua, risiti inatunzwa, mnapiga picha, mtoto anaandika barua ya shukrani.

Hapa wazazi wengi wanapoteza nafasi. Mnaulizwa mnahitaji nini mnajibu chochote tu mtakachojaliwa. Kaeni kabla ya ziara muandike vitu vitatu kwa mpangilio na bei za sokoni za wiki hiyo: mabati kumi na misumari, godoro la tano kwa sita, mbuzi jike wawili. Kama kuna cherehani ambayo mama ana ujuzi nayo andika cherehani. Karatasi mpeni mwalimu wa kituo, siyo mgeni, na akiuliza mwalimu anayo. Msiandike pikipiki.

Na ninyi mtataka kutoa, hakuna anayeweza kuwazuia na wala mtu asijaribu. Tatizo ni kuku. Mama anamkamata jogoo mkubwa kuliko wote, amemfunga miguu na kamba ya katani, anampa mgeni, na mgeni anarudi nyuma hatua mbili anasema hapana hapana mna uhitaji ninyi. Mkalimani unatakiwa uwe umeshamwambia: pokea kwa mikono miwili, mshike, shukuru, piga picha naye. Baadaye kuku anabaki kituoni anapikwa au mwalimu anamtunza, mama anajua vizuri tu kwamba jogoo hapandi ndege, lakini ameshatoa. Kumkatalia ni kumwambia yeye ni wa kupokea tu. Kama mnataka kitu ambacho kitafika naye kwao, kanga au kitenge kinakunjika kwenye begi, kikapu kidogo cha ukili, mchoro wa mtoto. Mayai, asali na mchele uwanja wa ndege wa kwao wanaweza kumnyang'anya.

10. Picha na simu

Picha waombe kwanza, na kuomba siyo kunyanyua kamera huku unatabasamu. Mama ana haki ya kusema hapa piga, pale kitandani usipige, mtoto akiwa hana shati usipige. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, sura na jina la mtoto ni taarifa. Akiweka mtandaoni asiandike jina kamili, shule wala kijiji. Muombe na wewe picha yenu, ichapishwe kituoni, maana familia nyingi zimepigwa picha mamia na hazina hata moja ukutani.

Namba za simu, WhatsApp, Facebook, msipeane. Najua inaonekana kama mashirika yanaficha, lakini kinachotokea namba zikishatolewa ni kwamba shemeji anaichukua, kijana wa jirani anaichukua, mgeni anaanza kupokea meseji za kuombwa hela usiku na mchana, anachoka, anakata mpaka ufadhili. Na upande wa pili mtu mbaya akitaka kumfikia mtoto bila ofisi kujua, njia ni hiyohiyo. Kama mtu yeyote, mgeni, mwalimu wa kituo, mkalimani, amemgusa au amemwambia mtoto jambo lisilofaa, msisubiri kikao cha kanisa. Piga 116, ni bure, ni namba ya watoto Tanzania na Kenya pia, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

11. Gari likishaondoka

Wiki ya kwanza mtoto atakuwa juu juu, ya pili atashuka. Wengine wanalia, wengine wanakuwa wakali kwa wadogo zao. Mzungumzishe. Usimwahidi kwamba mgeni atarudi, wala kwamba atampeleka Marekani, hilo sikio la mtoto linalishika miaka.

Barua ya baada ya ziara isiwe ile ya "habari mimi ni mzima hofu kwako". Mkumbushe mtoto aandike kitu kilichotokea siku ile, ulivyoshindwa mdako, jogoo wako tulimla Jumapili alikuwa mgumu, bati tumepiga upande wa jikoni. Inapita kwa mtafsiri, ofisini, mpaka kwao, inaweza kuchukua wiki nyingi na jibu vilevile, kwa hiyo msimtume mtoto kila Jumamosi akaulize.

Na mfadhili anaweza kuacha, ametembelea au hajatembelea, kazi inaisha, anaumwa, anafariki. Kawaida mtoto anabaki kituoni na anatafutiwa mwingine. Mara chache inakatika kabisa kwa mambo yaliyo juu ya uwezo wa kila mtu, India mwaka 2017 serikali ilizuia hela za nje na Compassion ikaondoka, watoto kama laki moja na arobaini na tano elfu wakakosa programu kwa mkupuo. Kwa hiyo ile mbuzi iliyonunuliwa kwa zawadi ya familia isiuzwe kwa ajili ya sikukuu, ipandishwe izae, na akaunti ya akiba ya mtoto kama kikoba chenu kina mfuko wa watoto ifunguliwe mwezi huohuo.